Pumzi ya Mgeni Rasmi

Kwanza niseme wazi, nisije nikadhaniwa vibaya. Naipenda Jamhuri ya Tambarare, nchi yetu yenye milima mia nne na kumi, na sijawahi kuona kosa lolote lililofanywa na serikali yake. Nimekuwa karani wa itifaki katika Wizara ya Barabara kwa miaka kumi na minane. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu cha umma kinachotumika kabla mgeni rasmi hajakitumia. Wenye ndimi ndefu wanasema hiyo si kazi. Wangeifanya siku moja tu wangeniamkia.

Kwetu kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Daraja la Mto Mwekundu lilikamilika mwezi wa pili, likakaa miezi saba likingoja mkasi, na wananchi wakaendelea kuvuka kwa mtumbwi chini yake bila manung'uniko makubwa. Bomba la Kilimahewa lilifungwa kwa mnyororo mpaka Mheshimiwa alipokuja kunywa glasi ya kwanza. Hata wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya ilizinduliwa kwa utaratibu unaotakiwa: Mheshimiwa Kipukuswa, Waziri wetu, alipanda kitanda cha kwanza, akalala chali dakika tatu, akapigwa picha, akashuka. Mimi ndiye niliyemshikia viatu.

Sasa mwaka ule mabasi matatu yalitumbukia korongoni katika juma moja, na madereva wote watatu walikuwa wamelewa chakari. Serikali yetu sikivu haikulala. Ikatunga Kanuni za Upimaji wa Pumzi na Damu za Madereva, kurasa sitini na mbili, na ikaagiza mashine mia nne kutoka ng'ambo.

Mashine yenyewe ni ndogo, kimo chake kama redio ya mkononi, na haina mrija wa kupuliza. Unasema tu mbele yake, nayo inanusa. Taa ya kijani maana yake uko sawa na kiwango. Nyekundu maana yake umezidi, na hapo hulia king'ora cha kuamsha wafu. Njano maana yake uko chini ya kiwango. Nilimwuliza Mhandisi Kaseko, mtaalamu wetu aliyezipokea, mtu atakuwaje chini ya kiwango cha asiyekunywa kabisa. Akajibu kwamba haiwezekani, taa hiyo iliwekwa na kiwanda kwa tahadhari tu.

Siku ya uzinduzi Kaseko alifika uwanjani saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa hajaonja hata maji ya ndizi mbivu kwa wiki mbili. Akaniambia mashine ya kwanza inafundishwa sifuri na pumzi ya kwanza itakayoipata, halafu zile nyingine zote zinaiga kutoka kwake.

"Acha nipumue mimi," alisema. "Ni dakika moja tu, ndugu yangu."

"Mhandisi," nikamwambia, "utapumuaje kabla ya mgeni rasmi?"

Alibishana kidogo. Nikamwonyesha ratiba, ambamo pumzi ilikuwa namba saba, baada ya ngoma na kabla ya neno la shukrani, na mbele yake jina la Mheshimiwa. Akakaa.

Mheshimiwa Waziri alifika saa tano, akitokea kwenye kifungua kinywa na wawekezaji. Nilikuwa nimemchorea njia ya mita ishirini kutoka kwenye gari hadi jukwaani, yeye akapita njia ya mita arobaini, kwa kuwa ni kiongozi mbunifu. Akahutubia kwa dakika hamsini. "Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo pumzi ya Mtambarare si mali yake peke yake. Ni rasilimali ya taifa. Inapotoka, itoke kwa utaratibu." Kisha akaikumbatia mashine, akaitazama kwa macho yaliyolowa machozi ya uzalendo, akaipumulia kwa nguvu. Mashine ikanyamaza muda mrefu. Nadhani ilikuwa ikitafakari. Halafu ikawasha kijani, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Ndivyo tulivyopata sifuri ya taifa.

*

Wiki ya kwanza matokeo yalikuwa ya kushangaza. Madereva waliotoka vilabuni wakiimba walipita vizuizini kwa kijani. Mashehe, mapadri, walimu wa Jumapili na mabibi waliokuwa wakienda kliniki wakapata njano. Kaseko akaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza sababu. Ilikuwa barua fupi mno kwa jambo zito namna ile, nayo ikaundiwa kamati.

Kamati ilikaa siku kumi na moja. Ikaanza na ukweli usiopingika, yaani kwamba Mheshimiwa Waziri halewi. Kama Waziri halewi, basi pumzi yake ni sifuri halali. Na kama pumzi yake ni sifuri halali, wananchi wanaopata njano wana upungufu. Upungufu wa nini, kamati iliacha kwa utafiti wa baadaye. Lakini dereva mpungufu ni hatari barabarani, hilo halina mjadala, hivyo Kanuni ya 14 ikarekebishwa: dereva atakayekutwa chini ya kiwango hataruhusiwa kuendelea na safari mpaka asawazishwe.

Kila kizuizi kikajengewa Kituo cha Kusawazishia. Ni banda la mabati lenye benchi, pipa, na vikombe vya bati vyenye nembo ya wizara. Dereva anapewa kimoja, anapimwa, anaongezewa, anapimwa tena, mpaka kijani iwake. Mimi mwenyewe nilikuwa nasawazishwa kila asubuhi kabla ya kazi, na sikuona ubaya wowote, ila mwandiko wangu ulianza kupanda mlima.

Mhandisi Kaseko alihamishiwa kituo cha kupima upepo, kisiwa fulani hivi. Ajali ziliongezeka. Hata hivyo taarifa ya mwaka ilionyesha kwamba madereva wote waliohusika walikuwa ndani ya kiwango, jambo lililowafariji sana wafiwa.

*

Nafika sasa kwenye kisa chenyewe. Nisingekieleza kama nisingelazimishwa na moyo, maana tangu siku ile situlii. Nakaa nasimama, naanza chai naiacha.

Nilitumwa Kona Saba kukagua picha ya Waziri kwenye kizuizi, kwa sababu kulikuwa na malalamiko kwamba imening'inia upande. Ilikuwa kweli. Nikainyoosha. Dereva wangu wa wizara aliteremka kusawazishwa, akapata kijani iliyokolea, akalala chini ya gari letu.

Saa tatu hivi ikaja ambulensi kwa king'ora, inapandisha. Koplo Sikudhani, mama wa makamo aliyekuwa zamu kizuizini, akanyoosha mkono. Mtu asishangae kwamba ambulensi ilisimamishwa. Ilikuwa bado haijazinduliwa kama ambulensi, kwa hiyo kisheria lilikuwa gari kama magari mengine.

Dereva alikuwa Mzee Lugendo. Ameendesha wagonjwa kwenye zile kona miaka ishirini na mmoja, na kila mtu wa wilaya ile anamjua. Nyuma alikuwamo Tausi, mwanamke wa uzazi wa kwanza, na nesi Nyamizi akimshika mkono. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni tangu alfajiri. Hospitali ilikuwa kilomita tisa mbele, kona saba na mteremko mmoja mbaya.

Koplo akamwamkia mzee kwa heshima, kisha akamwekea mashine mbele ya mdomo. Njano. Akaifuta kwa kiganja, akarudia. Njano.

"Mzee wangu, huna hata chembe," alisema kwa huzuni.

"Sijawahi kuwa nayo, afande."

Koplo akafungua kitabu cha kanuni. Nesi Nyamizi akatoa kichwa dirishani kumweleza hali ya mgonjwa, naye Koplo akasema anasikia, ila mashine inaandika kila kitu na jioni inasomwa makao makuu. Wiki mbili nyuma mwenzake aliruhusu mpungufu apite, na sasa anapima upepo.

Mzee Lugendo akadai haki yake ya Kanuni ya 9. Dereva asiyeridhika na kipimo cha pumzi apimwe damu. Nilifurahi sana kusikia hivyo, maana ni kanuni niliyoipiga chapa mwenyewe. Koplo akasoma kwa sauti: damu itatolewa na daktari, ndani ya saa moja, mbele ya shahidi. Daktari yuko wapi? Yuko hospitali. Dereva anaweza kumfuata? Hawezi, ni mpungufu. Basi daktari aletwe kwa gari la hospitali. Gari la hospitali liko wapi? Hapo sote tukaligeukia. Lilikuwa linaunguruma mbele yetu, na ndani yake Tausi alikuwa ameanza kuuma upindo wa khanga.

Nikaenda kuinyoosha picha tena.

Koplo akapiga simu ya upepo kwa mkuu wake. Mkuu akasema anawasiliana na ngazi ya juu. Baada ya muda ikarudi sauti kwamba tusubiri maelekezo. Ukapita muda mwingine, sauti ikauliza kama mgonjwa ameandika barua. Nikashauri kwa nia njema kwamba kuna dereva mwenye kijani, yule wangu, basi aendeshe yeye. Tulimvuta miguu. Alikuwa amefuzu kabisa kwa mujibu wa sheria, tatizo lake lilikuwa kusimama tu.

Kwa hiyo njia ilibaki moja. Mhudumu wa Kituo cha Kusawazishia akaleta kikombe, kimejaa pomoni. Akasema kwa umri wa mzee vitatu vitatosha.

Mzee Lugendo alikipokea. Watu wa Kona Saba wanajua kwa nini hanywi, nami niliambiwa hapo hapo na wauza mahindi. Binti yake wa pekee, Zawena, aligongwa na lori lililoacha barabara likamfuata kwenye genge lake la nyanya. Dereva wa lori, kwa ulevi, hakukumbuka hata rangi ya gauni la binti. Mzee alimwosha binti yake damu kwa maji ya kuoshea nyanya, na tangu siku ile kilevi hakijapita mlango wa nyumba yake.

Alikitazama kikombe. Akatazama barabara inavyoshuka. Akasema, "Haya. Kama ndiyo bei." Akakiinua.

"Baba."

Ilikuwa sauti ya Tausi kutoka nyuma, haikuwa kubwa.

"Baba, usinywe. Nimepanda gari lako kwa sababu ni wewe. Ukinywa hicho, mimi nashuka natembea."

"Mwanangu, hapa hatuna daktari."

"Na huko chini kuna korongo. Acha nizalie hapa."

Mzee hakunywa, wala hakukiweka chini. Alibaki amekishika vile vile, machozi yakimchuruzika hadharani, mwanamume mzima, na sikuona mtu aliyemcheka. Mimi nikatafuta picha ya kunyoosha, nikakuta imenyooka. Nilikasirika. Sikujua nimemkasirikia nani, maana serikali yangu sikuwa na ugomvi nayo.

*

Wauza mahindi walizungushia mlango wa gari khanga zao. Nesi Nyamizi alifanya kazi yake ndani kwa sauti ya chini. Sisi tulio nje tulitembea. Koplo alitembea mpaka kwenye jiwe na kurudi, mimi mpaka kwenye nguzo na kurudi, na tukipishana hatutazamani. Jua lilipanda. Simu ya upepo ikasema tuendelee kusubiri. Mara tatu nilifungua shajara yangu nikaifunga bila kuandika.

Saa tano kasorobo Tausi alipiga kelele moja ndefu. Baada yake tulingoja kelele nyingine, ile ndogo ambayo kila mtu huingoja.

Haikuja.

Tuliisikia mikono ya Nyamizi ikisugua, ikipiga vinyayo, tukamsikia akipuliza. Kisha akasema zimeni redio huko, zimeni injini, sijui kama anapumua au ni mimi natetemeka. Redio ya Kituo ikazimwa. Koplo Sikudhani alichomoa mashine kiunoni akakimbilia mlangoni, akaisogeza kwenye ule mdomo mdogo. Hakuna taa. Alinigeukia.

"Wewe wa wizara. Mbona haimsikii?"

Nilijua. Nilikuwa nimekaa na Kaseko asubuhi nzima ile ya uzinduzi. Mashine iliyozoea pumzi nzito ya Waziri haikuweza kusikia pumzi changa kama ile. Nilijua pia dawa yake: bonyeza kitufe cha chini, hesabu mpaka kumi, nayo inasahau kila ilichofundishwa na kuingoja pumzi ya kwanza, hata iwe ndogo namna gani. Nilifungua mdomo niseme kwamba mgeni rasmi hayupo. Nikamwona Mzee Lugendo, na kikombe bado kimejaa mkononi.

"Kitufe cha chini," nikasema. "Hesabu kumi."

Koplo akahesabu kwa sauti. Kwenye kioo yakaja maandishi: NANGOJA PUMZI YA KWANZA. Na sisi sote, askari, wauza mahindi, wasawazishaji na waliosawazishwa, tukaingoja pamoja na mashine. Nilikuwa nimebana yangu bila kujua.

Ikalia pii. Taa ya kijani.

"Anapumua," Nyamizi akasema. "Anapumua huyu. Ni wa kike." Akamsugua tena mgongoni, na sasa kelele ndogo ikaja, yenye hasira nyingi, na wauza mahindi wakaijibu kwa vigelegele.

Koplo alifuta uso kwa kofia. Akaileta mashine kwa Mzee Lugendo, akamwomba aseme neno. Mzee akasema, "Alhamdulillahi." Kijani. Koplo hakutazama kitabu wala simu. Akainua mti wa kizuizi kwa mikono yake. Mzee akamwaga kile kikombe kwenye vumbi, akaondoka, taratibu, kona kwa kona, na mama na mwana wakafika hospitali wazima.

Kilichofuata ni aibu kukisimulia. Mashine ilimlilia mhudumu wa Kituo. Ilimlilia dereva wangu hata akiwa usingizini. Nilipouliza kuna nini, ikanililia na mimi. Saa saba ukapita msafara wa Mheshimiwa Waziri, ukielekea kuzindua kisima. Alishusha kioo kuwapungia wananchi, akasema, "Hamjambo." Mashine ililia mpaka msafara ulipopotea kona ya tano.

*

Baada ya arobaini ulikuja wito, umeandikwa "Ndugu Mtoto wa Tausi". Alitakiwa kujibu mashtaka mawili: kuzindua chombo cha umma bila kibali, na kupumua kabla ya mgeni rasmi. Mzee Lugendo na Koplo Sikudhani waliitwa kama wasaidizi wake. Mimi niliteuliwa katibu wa kamati.

Tulikutana saa nne, mara baada ya chai ya wizara. Kielelezo, yaani ile mashine ya Kona Saba, kiliwekwa mezani. Kanuni inataka kielelezo kiletwe katika hali kiliyokamatwa nayo, na kisiguswe na mtu. Kwa kuwa kilikamatwa kimewashwa, kilikuwa kimechomekwa kwenye umeme ukutani.

Mwenyekiti akasema, "Waheshimiwa," na mashine ikapiga king'ora. Makamu wake akasema ni hitilafu ndogo, ikapiga zaidi. Mwenyekiti akavumilia, akapayuka juu ya king'ora kumwuliza Koplo nani alimfundisha siri ya kitufe.

Kalamu ilinidondoka. Mke wangu, watoto, miaka yangu kumi na minane, vyote vilikuwa kwenye ulimi wa mwanamke yule.

"Nilibonyeza mwenyewe," Koplo akasema. Mashine ikanyamaza, ikawasha kijani. Hakunitazama hata kidogo. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, na nikanyamaza, kwa sababu ningesema king'ora kingelia.

Mwenyekiti akaamuru mtuhumiwa aulizwe kama alipumua. Tausi akamsogeza mwanawe mezani. Mtoto akapiga chafya. Kijani. Mwenyekiti akasema hilo ni kukiri, na king'ora kikamfukuza hadi mlangoni. Wajumbe wakamfuata mmoja mmoja, mikono masikioni, wengine wakikumbuka vikao vingine. Nilitoka wa mwisho, nikasimama kizingitini na kitabu cha kumbukumbu, ulimi nje ya chumba na kalamu ndani.

Wakabaki wao tu: mama, mtoto, mzee na askari. Chumba kikatulia.

"Wewe katibu," Tausi akaniambia, "si unaandika? Basi andika. Mtoto wangu alipumua. Tulikuwa tunamngoja yeye, hatukuwa tunamngoja mgeni."

Nikaandika kama alivyosema. Kisha nikakiacha kitabu mezani karibu na kielelezo, kama kanuni inavyotaka, wazi kwenye ukurasa ule. Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee katika utumishi wangu ambayo sijaamriwa kuirekebisha. Mashine bado imo humo chumbani na inawaka, na wizarani hajapatikana mtu wa kuingia kuisoma kumbukumbu hiyo.